Tiyo ya Juu ya Kitanda ya Mwadi

Mama wangu,

Uko muzima? Ule mugongo unakuacha ulale? Na Mwadi, binti yangu, angali anakuchokesha na maulizo yake? Huku Lubumbashi mwili iko muzima. Lakini kichwa hakiinuki, Mama. Haya imenikamata.

Mbele ya yote: zima frigo ya samaki, uchomoe na waya yake, kisha urudi kusoma. Usingoje. Simu yako haipatikani tangu juzi, njo maana nimemupa barua dereva wa kamyo ya mizigo anayerudi kwetu Kilwa, huko ku ziwa.

Ni hivi. Bapangaji wenzangu mu parsele, hiki kiwanja tunapangaka bote, balinipa kazi ya kubavutia waya mupya, toka kompteri, ile inahesabuka umeme, mpaka ku nyumba ya kila mutu. Sehemu kubwa ya waya inapita inje, ku hewa. Nikapima umeme waya inaweza kubeba kwa ile sehemu, nikachagua waya, nikachagua na disjoncteur, ile inakataka courant ya umeme waya ikizidiwa. Nikajisifu. Lakini kuna pahali padogo, chini ya malata, yale mabati ya nyumba ya Mama Ngalula, waya zote zinaingia mu tiyo moja, bomba nyembamba, zimebanana, na jua inachoma juu. Pale waya haipozwi na hewa, inabeba umeme kidogo, na sikupima. Nikasema, ka pahali kadogo hivi!

Unajua hapa courant inapotea siku nzima. Ikirudi, parsele yote inapiga kelele, na kila mama anawasha resho, jiko ya umeme, ugali ya bukari ipikwe mbio. Resho zote pamoja, Mama! Waya zikapashana moto mu tiyo. Disjoncteur haikukata, kwani niliichagua kwa waya ya ku hewa. Plafond, dari ya nyumba, ikawaka juu ya Mama Ngalula, mujane wa Kasai, anauzishaka vitenge. Bantu bakamutoa, bakazima na muchanga. Vitenge vimeungua, nyusi zake pia.

Patron wangu wa kazi akakuja kuangalia.

"Ulipima wapi?"

"Ku hewa, patron."

"Na humu mu tiyo?"

Nikamwambia humo sikupima. Akasema waya inachaguliwa kwa pahali pabaya inapopita, hata pakiwa padogo. Haki ya Mungu, nilikuwa najua! Nilifundishwa. Ni uvivu tu, na majivuno.

Mangaribi Mama Ngalula akanitumia bukari na ndagala, zile samaki ndogo. Mimi, Mama!

Sasa ya kwetu. Noeli, nilipokuvutia waya toka groupe, ile jenereta ya jirani, ulicheza kwa furaha mbele ya bantu bote. Ile waya inapita ku hewa muzuri, kisha inaingia mu tiyo pamoja na waya za frigo za bajirani, chini ya malata, juu ya kitanda ya Mwadi. Kosa ni ile ile, mukono ni ule ule. Groupe ikiwaka, frigo zote zinavuta pamoja. Mwadi alale mu chumba yako. Samaki ioze, Mama, ioze tu. Baambie na bajirani bazime yao. Bakiuliza sababu, usinifiche: sema mutoto wangu alikosea. Nimeomba ruhusa ku kazi, nakuja kuvuta yote upya.

Unisalimie Yaya, ndugu yangu mukubwa mwenye mutumbwi, na shangazi, yeye na moshi wa samaki wake. Mwadi umwambie baba anakuja, basi.

Na ile jina "injeniere" unaniitaka mu soko, uiweke pembeni kwanza.

Mutoto wako,
Kabwe tu.