Binti Anaolewa Februari, Lincoln Inaogopa Chumvi

Mpendwa Bwana Dewitt, niokoe kabla ya Jumamosi, maana nyumba yangu hapa Detroit imegawanyika na mimi nimebaki peke yangu upande wa garaji. Nina gari, Lincoln ya mwaka 1972, milango miwili, rangi ya asali, boneti ndefu hata pua yake inafika kanisani mimi bado niko mlangoni kwangu, taa za mbele zimefichwa nyuma ya vifuniko kama macho ya bibi anayesinzia kwenye mahubiri, na kule nyuma kuna kile kidirisha cha umbo la yai ambacho nikikitazama nasahau kumeza mate, na kama kila mwenye akili mjini hapa nailaza garajini kuanzia Novemba mpaka mvua za Aprili zioshe chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu, kwa sababu chumvi ile inatafuna chuma. Sasa binti yangu Renita anaolewa Jumamosi hii, na anasema alipokuwa na miaka tisa, tukiing'arisha pamoja, nilimwahidi kumpeleka kanisani kwa gari hilo, nami nikamwambia, "Mwanangu, ahadi ipo palepale, sogeza harusi Mei," naye akajibu, "Sawa, Baba. Kaa na gari lako. Mjomba Lucius ndiye atakayenishika mkono kuingia kanisani. Gari lake linanuka chipsi, lakini linatembea." Mama yake hanisemeshi, chakula changu ananiwekea garajini. Lucius! Mtu anayeendesha kigari chenye umbo la friji! Nifanyeje?

Cleotis, Detroit

Cleotis, pole. Sasa nipe shavu nikuzabe.

Shule niliacha darasa la nane, lakini magari ya namna hiyo nimeyaendesha toka Chicago mpaka Miami, na wanawake wawili wameniacha kwa ajili ya magari hayo, kwa hiyo unaongea na profesa. Ni gari zuri, sibishi. Ya siku hizi yote yanafanana na sabuni iliyotumika. Hilo lako lilichorwa na mtu aliyeshiba, asiye na haraka. Ila alilichora lionekane, bwana! Hakukesha na kile kidirisha ili panya wa garaji wafaidi. Na wewe unamwambia bibi harusi asogeze siku? Keki, mchungaji, shangazi kutoka Alabama, wote wasubiri mvua iteremke?

Leo hii mpigie Renita. Sema, "Nilikosea." Ukisikia "lakini" inakuja mdomoni, imeze.

Ijumaa paka mafuta chini ya gari kote, chumvi isishike. Jumamosi nenda taratibu, kwa mitaa iliyokauka. Mweke Renita mbele. Ukimpitisha nyuma na gauni lile kwenye gari la milango miwili, mtamtoa kwa winchi. Jumapili lala chali juu ya theluji uoshe tumbo la gari kwa maji ya moto, na ukitetemeka, tetemeka kimya. Chumvi ya siku moja inatoka. Picha ya Lucius amemshika binti yako mkono itakaa ukutani miaka hamsini, na hakuna polishi ya kuifuta.

Tena, nawajua nyie wapenda magari, maana na mimi ni mgonjwa mwenzenu: hatuwezi kupaki gari tukaondoka bila kugeuka mara mbili kulitazama. Jumamosi funga mlango, mpe binti mkono, tembea. Gari waachie wageni walitazame.