Besi Iliyoacha Kunguruma

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mama Pindo, ndivyo anavyojulikana na wote
Umri: miaka hamsini na miwili
Kazi: mshonaji wa sare za shule
Makazi: nyumba za nyuma ya kiwanda cha sabuni
Yameandikwa kituoni Jumatatu, tarehe 16 mwezi wa sita, asubuhi

Afande, hujambo mwanangu. Na wenzako hapo mezani hawajambo? Kwangu baba watoto hajambo ila mgongo, mama mkwe hajambo, binti yangu mkubwa hajambo na kichanga chake kimeota jino, na mdogo wao naye mzima. Asiye salama ni mmoja tu, na huyo mmemfungia hapo nyuma. Umesema salamu haziandikwi. Ziandike baba, akisomewa ajue wote wanamuulizia.

Huyo mwanangu tunamwita Mrefu. Anapiga gitaa la besi kwenye bendi ya ukumbi ulio mkabala na soko. Nguo za bendi nazishona mimi, kwa hiyo mazoezini huwa nipo.

Mnamo tarehe 31 mwezi wa tano, siku ya mazoezi, besi ilikuwa inanguruma. Si muziki, ni mngurumo tu, kama friji bovu. Mrefu akishika nyuzi unapungua, akiziachia unapanda. Mwenye ukumbi akasimama mbele ya jukwaa akasema, "Gitaa lako bovu. Likiningurumia tena hapa, besi atapiga mwingine." Mrefu akamwambia nyumbani halifanyi hivyo. Akajibiwa, "Basi kapige nyumbani, mama yako akutunze."

Siku hiyohiyo Chiriku, binti anayeimba, alilalamika kwamba maiki inamng'ata mdomo. Mwenye ukumbi akacheka, "Inakupenda hiyo." Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Jumatatu iliyofuata, tarehe 2, nilimsindikiza Mrefu kwa fundi wa redio kutafuta pikapu nyingine. Ni vile visanduku vyembamba chini ya nyuzi, ndivyo vinavyonasa sauti. Fundi akanitania, "Siku hizi mpiga besi ni mama?" Nikamwambia nimekuja kusikiliza, masikio yangu hayajazeeka.

Alitoa za aina tatu. Kila aina aliiunga kwa muda, akalisogeza gitaa karibu na feni ya duka, maana feni nayo inaleta mngurumo. Za kwanza zilikuwa na sauti safi lakini zilinguruma kama zile za zamani. Za pili zilikuwa kimya, ila besi ikawa kama mtu mwenye mafua. Mrefu akakunja uso. Za tatu zilikuwa kimya na sauti yake nene, mpaka kaunta ya kioo ikatetemeka. Fundi akaeleza kwamba ndani zimezungushiwa nyaya mara mbili, huku na kule, kelele zinauana zenyewe. Mrefu akanitazama. Nikasema, "Hizo, baba. Hizo hazitakugombanisha na mtu."

Afande, andika hili vizuri: fundi alibadili pikapu peke yake. Waya mwingine wa gitaa hakuugusa, nilikuwa nimesimama juu ya kichwa chake. Alipomaliza akauliza kama nyumbani linanguruma. Mrefu akasema hapana. Fundi akasema, "Basi umeme wa huko ukumbini nao utazamwe." Mrefu akajibu, "Nikimwambia bosi maneno hayo sirudi tena." Tukafunga gitaa tukaondoka.

Jumamosi tarehe 14, saa tisa alasiri, kulikuwa na sherehe ya wafanyakazi wa kiwanda. Nilikaa kiti cha pembeni na sindano zangu, maana gauni la Chiriku lilikuwa halijatulia kiunoni. Besi ilikuwa kimya kabisa. Mrefu aliachia nyuzi akaninyooshea kidole gumba. Mwenye ukumbi naye akatikisa kichwa kwa kuridhika. Na mimi nilifurahi.

Chiriku ana mchezo wake. Wimbo ukikolea anamwendea Mrefu, anapiga nyuzi za besi kwa kiganja huku maiki iko mkono wa pili. Mazoezini alikuwa ameuacha kwa sababu ya ule mngurumo, akisema unamtisha. Siku hiyo haukuwepo. Alicheka, akanyoosha mkono.

Hakupiga kelele. Mkono ulishika nyuzi ukakataa kuachia, macho wazi, maiki kifuani. Mrefu ndiye aliyeuvua mkanda wa gitaa akalisukuma mbali kwa mguu. Kama si yeye, binti angekufa palepale. Sasa yuko hospitali, hajaamka. Na Mrefu ndiye mliyemkamata, kwa sababu mwenye ukumbi amesema alichezea umeme wa gitaa.

Jana, Jumapili asubuhi, nilikwenda ukumbini kuchukua mkasi wangu. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Wanaume wawili walikuwa wanang'oa waya chini ya jukwaa. Niliona kipande kimeungua, cheusi kama kuni. Mwenye ukumbi akanishika bega, taratibu, akasema, "Mama Pindo, wewe unaona sindano tu. Mpelekee mwanao blanketi." Mkono wake haukuondoka begani mpaka nilipofika barabarani. Mkasi sikuupata.

Niliyoyaona kwa macho yangu yameishia hapo, mengine siyajui wala siyaongezi. Tafadhali gitaa lipelekwe kwa fundi alitazame mbele yenu, na mtu aende ukumbini leo, si kesho. Na mkijua lolote nileteeni habari upesi. Mtumeni hata mtoto wa jirani. Nakaa mlangoni.

Alama ya dole gumba la shahidi: (imewekwa)

MAELEZO YA ASKARI: Nimemsomea shahidi maelezo haya, amekubali ni yake. Saa nne na nusu nilipiga simu ukumbini kuagiza kitu chochote kisiguswe. Aliyepokea alisema jukwaa limeshabomolewa lote na mbao zimechomwa, kisha akauliza ni nani aliyekuja kituoni. Sikumjibu. Akasema, "Haya, tumeshamjua," akakata. Nimeomba gari. Shahidi nimemzuia asirudi nyumbani peke yake.