Punda Aliyeshindwa Kumeza

Mjukuu wangu Keji,

Huku Kator sote tu wazima, na mama yako amepata kibanda sokoni Konyo Konyo. Umeniuliza kama punda anaweza kupata kichaa cha mbwa. Anaweza, nilimwona.

Nilikuwa kijana, nikiuza maji kwa mkokoteni na kaka yangu Lado. Asubuhi moja punda wetu alishindwa kunywa, mate yakimchuruzika. Lado akakunja mikono ya shati. "Amekwamwa na kokwa. Mshike nimtolee."

Nikakumbuka mbwa mgeni aliyemng'ata punda huyo wiki chache nyuma. "Kaka, usiingize mkono!"

"Ya zol, wee bwana, umesoma vitabu viwili tu, tayari daktari wa punda?" Akaingiza mkono. Jino likamchubua kidole. Kokwa haikuwepo.

Nilimwosha Lado kidole kwa sabuni na maji ya wateja robo saa nzima, akinitukana, kisha nikamburuta hospitali akachomwa sindano ya kwanza ya chanjo. Ugonjwa huu hulemaza koo, na mtu hudhani kitu kimekwama, kwa hiyo mkono hutangulia kabla ya swali.

Siku ya nne punda akafa. Lado alimtazama, akavaa viatu, akaniuliza, "Sindano nyingine ni lini?" Alizimaliza zote, na hakuugua.

Anayekuwaza daima,
Babu