Yaya, Salamu za Njiani

Yaya, dada yangu mkubwa mpendwa,

Ukiona barua ya mkono usishtuke, hakuna msiba. Wote tuko wazima kwa neema ya Mungu. Ni simu ndiyo imetufanyia mambo, nitakueleza. Lakini kwanza niache nikukumbushe foni ya Tonton Anselme, mjomba wetu, maana tangu juzi sina kitu kingine kichwani.

Unaikumbuka? Ile redio ya kusema na kujibu, chuma kizito kilichokaa chumba cha nyuma cha kapela yetu, kile kikanisa cha hapa Tshopo, kati ya kapu la sadaka na ngoma za kwaya. Wewe ndiye uliyekuwa ukimsaidia Tonton kufunga betri kwenye baiskeli aipeleke ichajiwe. Nguvu yake ilikuwa ndogo, sauti ilifika Yangambi tu, mji wa kwanza ukishuka mto. Yangambi waliyarudia maneno kwa Isangi, na Isangi wakayarudia kwa Barumbu. Na desturi ilikuwa hii: kila anayelipitisha neno sharti aongeze salamu yake. Tukisema "Bibi amepona", neno lilifika huko na mkia mrefu: Yangambi wanawasalimu, Isangi mvua imebomoa jiko la padri, muwaombee. Siri haikuwepo. Mtu akigombana na mume wake, mto mzima ulijua kabla mboga ya pondu haijaiva.

Kisha ukaolewa Barumbu, na mwaka ule ule kampuni moja ya meli ikafungua foni yake bandarini kwa watu wote, bila kulipa. Viti vyenye matakia, feni juu ya kichwa. Na hakuna kurudiarudia, nguvu yake ilifika Barumbu moja kwa moja: tulisema hapa, na sauti yako mwenyewe, Yaya, ikatoka mle ndani kama uko nyuma ya mlango. Siku ya kwanza Mama alilia. Mimi nilipapenda, sitasema uongo. Nani angemsumbua tena Tonton na betri yake? Polepole kapela ikanyamaza. Isangi wakaifunika foni yao kwa kitambaa. Betri ya Tonton ikaenda kuwasha taa kwenye harusi za watu.

Ila yule bwana aliyeitunza foni ya kampuni, na koti lake la abakosti lililopigwa pasi vizuri! Wakati ule, nchi ikiitwa Zaire, majina ya ubatizo yalikatazwa na serikali. Mama alianza tu, "Georgine, mwanangu," bwana akakata laini, akimwita sitwayeni, yaani mwananchi, kama serikali ilivyoagiza.

"Mama sitwayeni, Georgine ni nani? Jina hii haiko mu Zaire."

"Iko jina ya mutoto yangu. Ni miye nilimuzaa, ama ni weye?"

"Bon. Useme ile ya babu yake, ao uachie wengine kiti."

Mama akasema jina lako la babu kwa sauti ndogo, kama mtu anayeazima chumvi kwa jirani asiyempenda. Tulizoea, Yaya. Kiti kilikuwa kizuri.

Ndipo ukafika wakati wako wa kujifungua. Neno la mwisho tulilopata ni kwamba uchungu umeanza vibaya, mtoto amelala upande. Asubuhi Mama na mimi tukakimbia bandarini. Mlango umefungwa, na karatasi juu yake: foni ni ya kazi za kampuni tu, wenyeji wasisumbue. Yule bwana alitoka kuvuta sigara. Mama akamshika mkono.

"Papa, mutoto yangu iko anakufa kule."

"Mama, pole. Lakini foni ni ya kampuni. Kampuni imeamua."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniumiza. Hapakuwa na mtu wa kugombana naye.

Mama hakulia. Alitembea hadi kwa Tonton, na Tonton akaenda kwa jirani yetu wa Butembo, yule muuza jumla, akamwomba betri ya lori lake. Jirani akaifungua mwenyewe, mikono ikajaa mafuta. Tukawasha. "Yangambi, Yangambi, hapa Tshopo, mnanisikia?" Kimya. Tonton akaita, akaita tena, jasho likimtiririka. Mimi nilisali rozari nikiruka maneno. Mwishowe sauti ya mwanamke ikapasuka mle ndani:

"Tonton Anselme! Tulizani umekufa! Ama bakubwa ba bandarini bamekufukuza ku kiti yabo?"

Alikuwa mke wa mkatekista wa Yangambi. Aliiacha foni yao wazi kila siku akimenya mihogo, eti alipenda kusikia mto ukikoroma. Alipoambiwa habari yako akaacha kutania, akamtuma mtu na pirogi, mtumbwi wao, akawaamshe Isangi wafunue foni yao.

Jibu lilikuja kesho yake baada ya misa, Tonton akilirudia neno kwa neno: "Barumbu wanasema mtoto ni msichana, mama yake amechoka lakini yuko mzima. Isangi wanashukuru Mungu. Yangambi wanauliza chumvi yao mtaleta lini." Mama alipiga magoti pale pale kwenye saruji. Halafu akatuma jina: Veronika, la bibi yetu. Jina lisiloruhusiwa bandarini likateremka mto mzima, kinywa kwa kinywa. Wewe uliniambia baadaye kwamba mleta habari alisimama mlangoni akakusomea salamu zote kwanza, ukamfokea, "Baba, utaje jina kwanza, nitakufa!"

Sasa Veronika huyo, aliye huku kwangu, ndiye aliyenifungulia ukurasa wa familia kwenye simu. Ulikuwa raha, Yaya, nilikusikia kila Jumapili. Juzi umefungwa. Wameandika tumevunja masharti, hawakusema yapi, na sauti zako zote zimebaki humo. Namba yako haiingii. Veronika anasema nifungue mwingine hapo hapo, ni rahisi. Anasema pia kuna njia ambapo kila parokia inaweza kuwa na mashine yake ya kupokea na kupeleka ujumbe, zikaongea zenyewe kwa zenyewe, ila ina kazi, lazima mtu aitunze. Nikacheka hadi akaniuliza kama naumwa. Nilimwambia, mwanangu, wewe ulipata jina lako kwenye mashine ya namna hiyo. Sijui kama nina nguvu za Tonton. Lakini nimemwambia aanze, mimi nitabeba betri.

Wakati tunangoja, barua hii naikabidhi kwa mwenye pirogi ya mota anayeshuka leo. Naye ataiacha Yangambi, wa Yangambi ataifikisha Isangi, na wa Isangi ataileta kwako Barumbu. Usiichane bahasha haraka. Mgongo wake nimeuacha mweupe na nimewaomba wote watakaoishika waandike salamu zao hapo. Zisome hizo kwanza, Yaya, hata kama utanifokea.

Leki wako, mdogo wako wa tumbo moja.