Jicho Hili Halimtazami Mama

Mdogo wangu Hoza,

Salamu kwako na kwa wote hapo nyumbani Mtae. Mama mpe shikamoo yangu kabla hujasoma mstari mwingine, kisha ukae chini, maana leo sikubembelezi. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Ulaya haina adabu.

Barua yako imefika. Unasema mama ana mtoto wa jicho, la kulia limeshafunga na la kushoto linafuata, na hataki kupelekwa hospitali Lushoto kwa sababu mwanawe anatengeneza jicho kubwa na atamletea. Nawe, uliyefika kidato cha nne, umekaa naye mnalingojea. Hoza, akili umeiweka wapi?

Jicho nililowaandikia ni darubini. Ni chombo cha kutazamia nyota, kikubwa kuliko nyumba yetu, kitarushwa angani kwa roketi. Na ile picha yangu ya nguo nyeupe na kitambaa puani, uliyoibandika kwenye kibanda chako cha mitumba ukawaambia watu kaka yako ni daktari, nguo hiyo huvaliwa na kila anayeingia chumba kile, kwa kuwa chombo hakitaki vumbi. Mimi ndiye mfuta vumbi.

Wala usidhani wenye chombo chao wananitisha. Wasomi watupu, wamejenga miaka na miaka, kumbe hakiingii kwenye roketi. Ikabidi kioo chake cha kunasia mwanga wa nyota kikatwe vipande, kikunjwe kama mwavuli, na sasa kila bawaba inawatoa jasho, maana ikikwama huko juu hakuna fundi wa kuifuata. Wengine wanataka kingojee roketi pana, yenye nguvu zaidi, kiende bila kukunjwa. Juzi nikamwuliza mmoja, "Kwani hamkupima gari kabla ya kufunga mzigo?" Akacheka, akaniambia nipite na dekio langu. Mpakiaji wa matenga ya plamu hapo Mtae hafanyi ujinga huo hata akiwa amelewa pombe ya miwa.

Lakini barua ile ya kwanza niliiandika kwa majivuno. Kuandika "tunatengeneza jicho" kulinipendeza kuliko kuandika "nadeki". Basi upumbavu huu ni wetu wawili. Mama asiulipie kwa macho yake.

Ukimaliza kusoma, kaulizie basi. Mpeleke wiki hii hii, umshike mkono mpaka kwa daktari, daktari wa kweli. Picha ibandue.

Nisalimie shangazi anayempikia mama bada, ule ugali wa muhogo, na mwalimu wetu wa zamani. Mwombe akufundishe kusoma upya.

Mama akibisha, mwambie nimesema mimi: mtoto wa jicho anatolewa hospitali. Mtoto wake yuko huku ameshika dekio, na hana jicho la kumpa.

Kaka yako,
Salimu