Zawadi Haina Kodi

Susanville, California
7 Septemba 2003

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti halikusumbui sana asubuhi. Sisi huku hatujambo. Cody amerudi kazini baada ya mafua, nami bado nina darasa langu la tatu, watoto thelathini wenye kelele za watoto mia. Misitu inaungua upande wa kaskazini na moshi umefika mpaka jikoni kwangu.

Nakuandikia kwa sababu simu hupokei. Najua, husikii. Miaka yote ile ulikuwa unajaribu bunduki za wateja nyuma ya duka bila kuziba masikio, na mama anakufokea uyazibe. Basi nisikilize kwa macho.

Nina ombi. Tangu ulipofunga duka na kumuuzia yule mfanyabiashara wa Elko bunduki zote, umebaki na moja tu, ile ya mama ya kuwindia kulungu. Nataka kuinunua. Msimu wa kulungu unakaribia na nimeamua kujifunza kuwinda. Usicheke.

Nimeuliza kwa Lyle, mwenye duka la bunduki hapa mjini. Anasema kwa kuwa leseni yako ya kuuza bunduki haijaisha, na bunduki bado ni mali ya duka lako la Nevada, huwezi kunipa mkononi. Lazima uitume kwake, mimi niichukue kwake. Na kwa kuwa muuzaji yuko nje ya jimbo, kodi ya mauzo ataitoza yeye, kana kwamba bunduki imetoka kwenye kabati lake mwenyewe. Asilimia saba na robo ya bei. Kwa hiyo nitajie bei.

Verna jirani yako ananiambia hujaonekana kwenye chakula cha Jumapili tangu tumzike mama. Unakula nini, baba?

Binti yako,
Denise


Winnemucca, Nevada
14 Septemba

Denise mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Goti liko palepale, linanisalimia kila nikiinuka. Msalimie Cody, mwambie mwanaume halali kitandani kwa mafua.

Wewe kuwinda? Wewe uliyemlilia sungura siku mbili mpaka mama yako akashindwa kumpika? Haya, mteja ni mteja. Dola mia saba.

Lakini hiyo kodi imenikera mpaka nimeinuka kitini. Bunduki hiyo ililipiwa kodi hapahapa Nevada siku mama yako alipoinunua. Imekula vumbi la hapa maisha yake yote. Alipochoka kuwinda nikaiingiza dukani, nikaibandika bei kubwa makusudi ili asitokee mtu wa kuichukua. Sasa inavuka mpaka tu, California inanyoosha mkono! California imeifanyia nini? Imeipaka mafuta? Na huyo Lyle wenu amegeuzwa mtoza ushuru bila mshahara. Namwonea huruma, halafu simwonei.

Na usije ukaniambia niandike dola mia ili kodi iwe ndogo. Walikuwa wanakuja watu wa huko kwenu, buti mpya kabisa, hazijakanyaga hata tope, wananinong'oneza, "Mzee, hapo weka bei ndogo bwana, nani atajua?" Nawaambia, "Nitajua mimi. Haya, mlango ule pale." Mama yako kule nyuma anacheka mpaka anakohoa.

Nakula. Maharage ya kopo nayo ni chakula.

Baba yako


Susanville
20 Septemba

Baba,

Shikamoo. Umeamkaje? Sisi wazima, isipokuwa mimi nimekuwa mtu wa ajabu. Nasahihisha daftari moja, nasimama, naenda dirishani, nikirudi sikumbuki nilikuwa nasahihisha nini. Cody ananiuliza namngoja nani. Namwambia simngoji mtu.

Barua yako nimemsomea Lyle dukani kwake, akacheka peke yake muda mrefu. Anasema angekuwa na mshahara kwa kila dola anayoikusanyia serikali, angekuwa amestaafu.

Mia saba ni wizi, baba. Kitako cha bunduki kina ufa. Naujua ule ufa kwa sababu niliiangusha mimi kwenye ngazi. Mia tano.

Sasa niambie kitu kimoja. Verna kanipigia simu. Anasema umempelekea mbwa wako Beltza, pamoja na bakuli lake na mnyororo wake, ukasema kuanzia leo mbwa ni wake. Beltza amelala juu ya viatu vyako tangu alipokuwa anaingia ndani ya kiatu kimoja. Kuna nini? Njoo ukae kwetu mpaka baridi iishe. Chumba kipo, na mlango wake unafunga, hutasikia kelele zetu. Tena huzisikii hata bila mlango.

Nijibu haraka.

Binti yako,
Denise


Winnemucca
2 Oktoba

Denise,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, kalamu ilikuwa inanikimbia.

Beltza anataka mtu wa kutembea naye. Mimi natembea humu ndani tu, jikoni mpaka chumba cha mbele, chumba cha mbele mpaka jikoni, na nikifika sijui nilifuata nini. Nikikaa nataka kusimama. Nikisimama nataka kukaa. Kikombe cha mama yako nakiosha kila siku na hakuna anayekinywea. Nyumba imekuwa kubwa kuliko ilivyokuwa.

Ufa uliutia wewe, kwa hiyo si wa kupunguziwa bei, ni wa kutozwa faini. Lakini kwa kuwa sina nguvu ya kubishana, mia sita na hamsini.

Kuhamia kwenu hapana. Mzee kwenye nyumba ya watu ni kama kabati la urithi, kila mtu anajigonga nalo.

Baba yako


Susanville
8 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Mia sita na hamsini, nimekubali. Hundi iko humu ndani ya bahasha. Kodi ni dola arobaini na saba na ushee, hiyo nitamalizana na Lyle mwenyewe, wewe usiiwaze. Ameshapata nakala ya leseni yako, karatasi zake ziko tayari, anangoja mzigo tu.

Itume wiki hii. Kesho, ukiweza. Kama goti linasumbua, Verna atakubebea mpaka mahali pa kutuma mizigo, nimeshamwomba na amekubali.

Kuna jingine nataka kukuandikia. Nalianza, nalifuta. Itume kwanza, baba.

Binti yako,
Denise


Winnemucca
17 Oktoba

Binti yangu mpendwa Denise,

Nakusalimu kwa moyo wangu wote, wewe na mume wako. Natumaini mko salama.

Hundi yako nakurudishia. Nimefikiri na nimeona si vizuri mtu kumuuzia mwanawe kitu cha mama yake. Kwenye karatasi ya kumpa Lyle nimeandika kwamba ni zawadi. Zawadi haina kodi. California haitapata kitu na wewe hutatoa kitu. Karatasi iko juu ya meza ya jikoni pamoja na funguo za gari, ambalo nalo ni lako. Bunduki utaikuta. Cherehani na sufuria kubwa amechukua Verna.

Umekuwa mtoto mwema. Sikuwahi kukwambia, nakwambia sasa. Huko milimani barabara zimeanza kuwa na barafu, usijisumbue kuja.

Ahsante kwa yote.

Baba yako anayekupenda


Mbele ya nyumba yako
20 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Fungua mlango.

Barua yako imenifikia asubuhi, nikaacha darasa mikononi mwa mwenzangu, nikaendesha bila kusimama. Hakuna barafu yoyote barabarani, umenidanganya. Nimegonga mlango mpaka mkono umevimba. Najua husikii, lakini pazia la chumba cha mbele limetikisika na nimeona viatu vyako chini yake. Kwa hiyo uko hai, na umeniona. Verna yuko hapa na Beltza. Nimemwambia apige simu polisi na ameshapiga. Wakati tunawangoja nakuandikia hapa juu ya boneti, nitaipitisha karatasi chini ya mlango. Kusoma unaweza.

Sitaki kuwinda. Sijawahi kutaka kuwinda. Nilitaka bunduki itoke nyumbani mwako kwa sababu naogopa utajiua. Haya, nimelisema. Naogopa tangu tulipomzika mama, nikaona kununua bunduki ni rahisi kuliko kukuuliza. Sasa nakuuliza waziwazi. Baba, unataka kufa?

Ulipokuwa unanitajia bei nilikuwa napata usingizi. Ulipoisema vibaya California nilikula chakula changu chote, muulize Cody. Mtu anayebishania dola hamsini ana mipango ya wiki ijayo. Halafu unaniletea zawadi! Nimelisoma neno hilo nikiwa nimesimama kwenye sanduku la barua, nikakaa chini kwenye changarawe kama mlevi. Mbwa zawadi, cherehani zawadi, gari zawadi. Na mimi eti mtoto mwema. Lini uliniita mtoto mwema?

Siitaki zawadi. Ile karatasi ya mezani ichane. Andika mauzo, andika na bei. Nataka kutozwa kodi. Nataka Lyle anihesabie mpaka senti ya mwisho, California ichukue, ishibe, ivimbiwe. Nataka unidai. Nataka uwe unanisubiri nikulipe, unakasirika nimechelewa, unaniandikia barua ya matusi.

Alikuwa mkeo, lakini alikuwa pia mama yangu, na mimi sina wa kulia naye. Cody ni mtu mzuri ila hakumjua akiwa anacheka kule nyuma ya duka. Aliyebaki anayemjua hivyo ni wewe. Ukinikatalia hata hilo sijui nitafanya nini, baba. Kweli sijui.

Kalamu naiviringisha ndani ya karatasi hii. Niandikie bei nyuma yake uirudishe. Nitachuchumaa hapo mlangoni, siondoki.

Binti yako,
Denise


(Nyuma ya karatasi hiyohiyo)

Denise,

Ndiyo. Asubuhi nilitaka. Sasa hivi sijui. Usiutazame mwandiko.

Waambie polisi wakifika wasivunje kitu, sina pesa ya vioo. Mwambie Verna aje dirisha la jikoni nimpe boliti ya bunduki kwanza. Bila boliti ile ni fimbo tu. Wewe pitia mlango wa nyuma. Huu wa mbele nimeuzuia kwa kabati la vyombo, karatasi yako nimeivuta kati ya miguu yake, na nguvu ya kulirudisha peke yangu sina tena.

Mia nane. Kodi juu yako.

Baba yako