Mlango Usio na Nyumba

Bangaeira, Fogo

Kaka yangu Adelino,

Nakusalimu kwa mapenzi, nikiomba barua hii ikukute mzima huko Lisbon, mgongo umepoa na baridi haijakushinda. Simu huku hazishiki tangu mlima ulipolipuka, ndiyo maana nimeshika kalamu. Mama anapumua. Mimi ni yuleyule, maneno mengi na machozi karibu.

Uliuliza habari za nyumba yako, ile uliyotujengesha kwa pesa za kutuma. Kaka, haipo. Lava ilikuja polepole kama ng'ombe anayerudi zizini, ikatupa nafasi ya kung'oa madirisha na mlango. Kisha tukakaa tukaitazama ikiingia sebuleni, mahali ambapo wewe mwenyewe hujawahi kuketi. Iliniuma sana. Baba aliubeba mlango wako mgongoni, akakataa kusaidiwa.

Walitupeleka kwenye mahema kule chini, lakini Baba hakuweza kukaa, tukarudi. Tumejenga chumba juu ya lava ileile. Sakafu bado ni moto, usipovaa viatu unaungua, kwa hiyo Baba aliulaza mlango wako juu ya mawe akaufanya kitanda. Majirani walimtania, “Nhô Tuca, watu wana nyumba zisizo na milango, wewe una mlango usio na nyumba.” Naye akawajibu, “Nyamazeni, mwenye ufunguo yuko njiani.”

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Baba hatunaye tena. Alikunywa divai yake kidogo baada ya chakula, akajilaza, hakuamka. Mawe yalikuwa yameporomoka tena yakafunga barabara ya mjini, na humu kreta, ndani ya shimo la mlima, hakuna mti wa kupasua mbao. Fundi Eutrópio alizunguka kila mahali akitafuta ubao wa jeneza, mwisho akaja kusimama mbele ya kile kitanda. Mama akamwambia, “Mbona unaona haya? Ukate huohuo. Mgongo wake umeshauzoea.”

Ubavuni tuliweka mbao za kreti za zabibu. Kitasa kikatokea kubaki upande wa kifuniko. Fundi alitaka kuking'oa, Mama akakataa katakata. Tulimzika penye udongo uliosalia, chini ya mizabibu ya jirani yetu Nha Bia.

Nisamehe, mlango haukuwa wangu.

Nha Bia anakusalimu, na wote waliorudi. Mama naye anakusalimu sana. Anasema ule ufunguo usiutupe, ukija uje nao.

Mimi dada yako,
Zulmira